Nguo Nyeusi kwa Ajili ya Denzil

Nilimvalisha Binti Mfalme Ottilie kwa miaka kumi na minane, na katika muda huo wote sikupata kuona mtu akiingia chumbani kwake bila kuitwa, isipokuwa Josiah Penhallow, tena mara moja tu. Habari ya siku hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, maana watu wamekuwa wakiisema nusunusu, na nusu ya habari ina ubaya wake.

Binti Mfalme alizaliwa Ujerumani, katika mojawapo ya vile vijinchi vidogo ambavyo mtu akisinzia ndani ya gari la moshi huamka ameshavipita. Aliletwa Uingereza akiwa msichana, akaolewa katika ukoo wa kifalme, akafiwa na mume kabla ya kupata mtoto. Ukoo ukampa nyumba ya matofali mekundu kando ya mto Temzi, akakaa humo na watumishi wake, akazeeka. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali alikozaliwa. Vita vilipokuja, kila mtu akakumbuka.

Muuza nyama alianza kutuletea mifupa. Vijana walipiga mluzi gari la Binti Mfalme likipita. Mwandani wake, Bibi Carew, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa naye, kumsomea na kufuatana naye kanisani, aliomba ruhusa ya mwezi mmoja akamuuguze shangazi yake, na nadhani shangazi huyo hajapona mpaka leo. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Tukabaki wachache.

Nyumba iliongozwa na Kanali Strickland, msimamizi mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Binti Mfalme kama mlinzi anavyoipenda ngome: alitaka isionekane ufa. Alipiga marufuku Kijerumani ndani ya nyumba, chumbani na jikoni.

"Hata katika sala?" Binti Mfalme alimuuliza.

"Sala Mtukufu anaweza kuomba kimoyomoyo," akajibu Kanali.

Penhallow alikuwa mhudumu mkuu wa vyumba vya juu. Ndiye aliyefungua milango, aliyepeleka ujumbe, aliyesimama nyuma ya kiti cha Binti Mfalme wakati wa kula. Alikuwa mtu wa Cornwall, mrefu, mkimya, muumini wa kanisa dogo la Wamethodisti pale mjini. Mkewe alikufa akimzaa Denzil, na mtoto huyo akakulia kwetu, katika vyumba vya juu ya mazizi. Sote tulimlea. Mama Maggs, mpishi, alimlisha mpaka akawa na mashavu kama maandazi. Binti Mfalme alimwita amshikie uzi wa sufu akiukunja, naye Denzil alikaa na mikono mbele kama mfungwa, akimweleza habari za vyura.

Tena palikuwa na Konrad. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake Binti Mfalme, mvulana mwenye nywele nyekundu aliyeletwa kwetu majira matatu ya kiangazi kabla ya vita. Yeye na Denzil walikuwa rika moja. Walishinda mtoni, wakarudi wamelowa, wakaiba keki pamoja. Penhallow aliwafundisha wote wawili kuvuta makasia katika mashua kuukuu ya nyumba, na alipowafokea hakubagua. "Vuta, we mvivu!" lilikuwa la mwana wa mtumishi na la mwana wa jumba la kifalme vilevile. Konrad alilipenda neno hilo. Alirudi nalo kwao.

Basi wavulana wakawa wanaume, na kila mmoja akavaa sare ya nchi yake.

Mwezi wa Agosti, mwaka wa tatu wa vita, alikuja mchungaji mzee kutoka Uswidi, nchi isiyokuwa upande wowote. Alikunywa chai na Binti Mfalme, na chai ilipokwisha alimwambia kwamba Konrad ameuawa Ufaransa, karibu na mto Somme. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Sikusikia kilio. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani yake polepole sana, kisha sauti ya mchungaji ikisema sala, kwa Kijerumani, na hakuna aliyemkataza.

Mchungaji alipoondoka niliitwa.

"Lomax," Binti Mfalme akaniambia, "nitolee nguo nyeusi."

Nilikuwa nimeshaitandaza kitandani Kanali alipobisha hodi. Alisimama mlangoni, uso umemsawajika.

"Mtukufu, makiwa. Nasema kwa moyo wangu wote. Lakini nguo hiyo siwezi kuiruhusu."

"Ni mtoto wa dada yangu, Kanali."

"Ni afisa wa jeshi la adui. Huko nje watu wanahesabu hata vifungo vyako. Ukitoka na nguo nyeusi wataulizana, ni nani amemfia? Na watapata jibu."

Binti Mfalme alimtazama. Halafu akageukia dirisha.

"Irudishe, Lomax," akasema.

Kesho yake nilimvalisha nguo ya kijivu, ile ya kila siku. Alhamisi alikwenda kama kawaida yake kwenye hospitali ya majeruhi iliyofunguliwa katika shule ya mtaani, akagawa sigara, akakunja bendeji, akawauliza askari habari za mama zao. Katika watumishi ni mimi tu niliyejua. Kanali alinionya nisimwambie mtu yeyote, na mimi sikuwa mtu wa maneno mengi.

Wiki chache zikapita. Asubuhi moja mwishoni mwa Septemba posta ikaja, Penhallow akapokea yake, akaisoma amesimama ghalani, akaitia mfukoni. Kisha akapandisha sinia ya kifungua kinywa. Mchana tulikuwa na wageni, naye akapakua samaki, akapakua nyama ya kondoo, akamimina mvinyo. Hakumwaga tone. Mama Maggs alisema baadaye kwamba alimwona akisimama mbele ya karai la kuoshea vyombo, maji yanamwagika, naye anayatazama tu. "Nikamwambia, Bwana Penhallow, hayo maji si ya babako! Ee Mungu nisamehe, nilimtania."

Binti Mfalme alikuwa na desturi. Kila saa ya chai, Penhallow akishaweka sinia, alimuuliza, "Denzil ameandika?" Naye alijibu, "Ameandika, Mtukufu, anakusalimu sana," au, "Bado, Mtukufu." Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye kona nikimshonea ukosi. Sinia ikawekwa. Akauliza.

"Hataandika tena, Mtukufu," akasema Penhallow.

Binti Mfalme akamgeukia.

"Lini?"

"Tarehe kumi na tano, wanavyosema. Huko Somme."

Binti Mfalme alifumba macho. Wakati ule nilidhani ni huzuni tu.

"Umepata habari lini?"

"Asubuhi, Mtukufu. Na posta."

"Na ukanihudumia chakula cha mchana!"

"Kulikuwa na wageni, Mtukufu."

Binti Mfalme akasimama. Nyie hamjui maana yake. Watu wa ukoo ule hawasimami kwa ajili ya mtumishi. Sisi ndio tunaosimama, tunasimama mpaka miguu inavimba. Alisimama mbele yake, mfupi, kichwa kikimfikia kifuani, akamshika mikono yote miwili, ile mikono yenye glavu nyeupe. Penhallow alikuwa akitazama juu ya kichwa chake, ukutani.

Jioni ile ile Kanali aliitwa.

"Nyumba yote itakaa matanga kwa ajili ya Denzil Penhallow," Binti Mfalme akamwambia. "Wanaume watavaa utepe mweusi mkononi. Wanawake watavaa nyeusi. Nami nitavaa nyeusi."

"Mtukufu, haijapata kutokea. Kwa mtoto wa mhudumu?"

"Basi itatokea leo."

Nikamwona Kanali anafikiri. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Ni wazo jema sana, Mtukufu," akasema. "Askari wetu. Ndiyo. Jema sana."

Hapo nilielewa yote. Lakini nilipomvalisha asubuhi, nilipofunga vifungo vya mgongoni, alilia kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Sikuweza kujua chozi lipi ni la nani. Nadhani naye hakujua.

Habari ilienea mjini kabla ya chakula cha mchana: mwanamke wa kifalme amevaa msiba wa mtoto wa mtumishi. Muuza nyama alileta paja zima, hakutaka hata kushukuriwa. Jumapili ilipofanyika ibada ya kumkumbuka Denzil, Binti Mfalme alikwenda katika lile kanisa dogo la Wamethodisti, akaketi kwenye benchi la mbao kama watu wengine, akaimba. Waliomzomea wakampisha njia. Bi Tubb, mke wa mwoka mikate, alimwinamia mpaka kofia ikamwanguka.

Na Penhallow! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hilo sitalisemea. Lakini heshima ile ilimshikilia. Alitembea amenyooka. Aliniambia, "Bi Lomax, mwanangu amezikwa shimoni na wenzake, hata jiwe hana. Lakini nyumba ya kifalme imevaa nyeusi kwa ajili yake. Siku nikienda kwa mama yake, nitakuwa na la kumwambia."

Nilimjibu nini? Nilimwambia ndiyo.

Kilichofuata kilitoka kinywani mwa Kanali. Alikuwa na mgeni mchana, rafiki yake wa jeshini wa zamani, nao walikula ofisini kwake. Baada ya chakula wakaletewa mvinyo mtamu, na mgeni akasifia jambo lile la matanga. Kanali akacheka kidogo.

"Kusema kweli ilikuwa bahati," akasema. "Mpwa wake aliuawa mwezi wa Agosti, upande wa kule. Akataka nguo nyeusi, nikakataa, nikawa silali kwa wasiwasi. Halafu kijana wa hapa naye akafa, mambo yakajinyoosha yenyewe."

Penhallow alikuwa nyuma ya kiti chake, chupa mkononi. Watu wa daraja lile husema mbele yetu kama vile tumechongwa kwa mbao. Akamalizia kumimina. Akaiweka chupa mezani, akatoka.

Alikuja moja kwa moja chumba cha kupigia pasi. Nilikuwa na Mama Maggs, amekuja kuota moto na kusengenya.

"Mama Maggs, tupishe," akasema Penhallow.

"Kuna nini tena, baba?"

"Tupishe."

Alipotoka, Penhallow akaniuliza, "Ulijua?"

Sikujifanya sielewi. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na huu utepe," akasema, akiushika mkononi mwake, "ulinipigia pasi mwenyewe. Ukanifunga mwenyewe, ukaniambia pole. Bi Lomax, mimi na wewe tumekula meza moja miaka mingapi?"

"Bwana Penhallow, alimlilia Denzil. Naapa. Mimi ndiye niliyemvalisha, nilimwona."

"Sikuulizi alilia au hakulia." Akageuka, akapanda ngazi.

Nilimfuata mbio, pasi nimeiacha mezani. Pale juu palikuwa na mlango ambao kwa miaka zaidi ya thelathini yeye mwenyewe ndiye aliyeulinda, asiingie mtu asiyeitwa. Aliufungua akaingia. Binti Mfalme alikuwa karibu na dirisha akifuma soksi za askari. Aliinua macho, akamwona, akaniona mimi nyuma yake nikihema, akaweka kazi yake chini.

"Nataka kuuliza neno, Mtukufu," akasema Penhallow. "Sijui niliulize kama mtumishi wako au kama baba."

"Uliza kama baba."

"Nguo hiyo uliyovaa ni ya msiba wa nani?"

Nilitamani aseme uongo, Mungu anisamehe.

"Ni ya wawili," akasema.

"Mimi niliambiwa mmoja."

"Ndiyo."

"Kanisani walisimama wakaimba kwa ajili ya mwanangu. Bi Tubb akalia. Na wewe umekaa pale, unamlilia mtu wao, chini ya jina la mwanangu. Mtukufu, Denzil hakuwa pazia la kufichia dirisha."

"Hakuwa pazia, Penhallow. Nilimpenda."

"Na huyo mwingine ni nani? Kanali amesema mpwa wako. Una wapwa wengi."

"Konrad," akasema Binti Mfalme.

Penhallow hakuwa amelijua hilo. Nilimwona mabega yakishuka.

"Konrad gani? Yule mwekundu?"

"Yule mwekundu. Somme, mwezi wa Agosti." Sauti yake, ambayo siku zote aliichunga isitoe lafudhi ya kwao, sasa aliiachia ikatoka ilivyo. "Uliponiambia tarehe ya Denzil, nilihesabu. Mama wote wanahesabu siku hizi. Konrad alitangulia. Kwa hiyo Konrad hakumwua Denzil wako. Kwa hilo nilimshukuru Mungu. Kisha nikafikiri upande wa pili. Denzil alikuwa hai bado, na alikuwa palepale. Nikalala na fikira hiyo. Asubuhi nikavaa nguo hii kwa ajili ya wote wawili, kwa sababu sikuweza kumtoa mmoja nikamwacha mwingine."

Nilishika kitasa cha mlango. Nje farasi alikuwa akipigiliwa chuma kwenye kwato.

"Ungeniambia," akasema Penhallow mwishowe. "Nisingekataa. Ungesema, Penhallow, nimefiwa na Konrad na sina ruhusa ya kulia, niazime msiba wako. Ningekuazima. Yule mtoto alilala kitandani kwangu alipougua surua. Ningekuazima, Mtukufu! Lakini hukuniomba. Ulichukua."

"Nilichukua," akasema. Kisha akasema jambo ambalo sikupata kulisikia kabla wala baada: "Nimekukosea, Josiah."

Alimwita kwa jina lake la kwanza. Penhallow akainamisha kichwa, si kwa heshima, bali kama mtu aliyechoka.

"Basi hivi," akasema. "Matanga ya Denzil katika nyumba hii yamekwisha. Nitamlilia mwenyewe. Wewe mlilie wako. Kila mtu na wake, waziwazi." Akafungua ule utepe mkononi, akaukunja, akautia mfukoni. "Na mwisho wa mwezi nitaacha kazi."

Kesho yake asubuhi watumishi wote walishuka bila utepe, na wanawake kwa nguo zao za kawaida. Nilimwuliza Binti Mfalme anataka kuvaa nini, nikamwonyesha ya kijivu. Akasema, "Nyeusi." Nikasita. Akasema tena, "Nyeusi, Lomax. Penhallow amesema waziwazi."

Kanali alikuwa chini ya ngazi. Alipomwona peke yake amebaki na nyeusi katikati ya sisi sote, alibadilika rangi.

"Mtukufu, watauliza."

"Waulize."

"Watasema unamlilia Mjerumani!"

"Ni kweli, Kanali. Namlilia Mjerumani. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alikuwa hajui kuficha chochote. Mama yake ni dada yangu. Ukiulizwa, jibu hivyo."

Kanali alikwenda ofisini kwake, akafunga mlango. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ameijenga ile ngome kwa miaka miwili na sasa mwenye ngome ndiye aliyefungua lango.

Alhamisi ikafika. Binti Mfalme akasema atakwenda hospitalini. Kanali alimsihi asubiri, akakataa. Akaomba walau aende kwa gari, akasema ni karibu, atatembea. Tukaenda watu watatu: yeye mbele, mimi na Penhallow hatua chache nyuma kama ilivyo desturi, Penhallow amebeba kikapu cha sigara na soksi. Alikuwa bado katika mwezi wake wa mwisho. Tangu siku ile alifanya kazi yake barabara na hakusema neno lolote lisilo la kazi.

Mkuu wa wauguzi alitupokea mlangoni. Hakutukaribisha ndani. Alikuwa mwanamke mwema, na jambo lile lilimwia zito.

"Mtukufu, wengine wamefika juzi tu kutoka kule. Wamesikia habari. Naomba unielewe."

"Nimekuelewa," akasema Binti Mfalme. "Soksi zipokee. Soksi hazina kosa."

Tuliporudi barabarani watu walikuwa wamekusanyika nje ya lango, wanawake wengi wao, na wanaume wachache. Hapakuwa na kelele mwanzoni. Kisha mmoja akasema neno ambalo sitaliandika, mwingine akacheka, na mwanamke mmoja kijana akasogea akamtemea mate. Yalimpata kwenye glavu. Binti Mfalme aliyatazama. Alisimama tu, akawa mdogo kabisa mle ndani ya nguo ile nyeusi.

Penhallow akanipa kikapu. Akapita mbele yangu, akaenda akasimama ubavuni mwake, si nyuma, akampa mkono. Nimeishi katika nyumba za wakubwa maisha yangu yote na najua kwamba mhudumu hampi bibi wake mkono barabarani. Binti Mfalme aliushika.

"Josiah Penhallow!" Alikuwa Bi Tubb, uso umemwiva. "Huoni haya? Denzil hata hajapoa, na wewe unamwongoza huyu mama wa Kijerumani kama bibi harusi?"

"Bi Tubb," akasema Penhallow, kwa sauti ya kawaida, "anamlilia mtoto unayemjua. Yule mwekundu aliyekuwa akija kiangazi na Denzil wangu. Ulikuwa ukiwapa mikate ya zabibu mlango wa nyuma, mumeo asione."

Bi Tubb akakodoa macho. "Yule... aliyekuwa akisema 'vuta, we mvivu'?"

"Huyohuyo."

"Ala," akasema Bi Tubb. Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Ala, masikini. Amekufa naye?"

Akapisha. Wengine hawakupisha wote. Mmoja alitufuata akitukana mpaka kona. Wiki ile ile tulivunjiwa dirisha la sebule, na muuza nyama akarudia mifupa yake. Sisemi kwamba mji ulibadilika. Nasema Bi Tubb alipisha, na tulipita.

Njiani Binti Mfalme alisema, "Asante." Penhallow akajibu, "Tuko karibu kufika, Mtukufu," basi.

Mwisho wa mwezi ulipofika nilidhani ataahirisha. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni, anakwenda kukaa kwa dada yake Cornwall. Binti Mfalme alishuka mwenyewe mpaka mlango wa watumishi, mahali ambapo Mama Maggs anasema hajapata kumwona tangu aanze kupika pale.

"Baki," akamwambia.

"Siwezi, Mtukufu."

"Bado una hasira nami?"

Penhallow alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ili kupendeza. "Hasira imepungua. Lakini kila nikikuona nawakumbuka wote wawili kwa pamoja, na wawili ni wengi mno. Nikiwa mbali pengine nitaweza kumkumbuka mmoja mmoja."

"Ndiyo," akasema Binti Mfalme. "Naona."

Alimpa mkono. Mama Maggs alimpa furushi la chakula la kutosha mtu wa kwenda Amerika, akamwambia, "Kula njiani, wewe, usije ukamfikia dada yako kama fimbo," kisha akakimbilia jikoni ili asionekane analia.

Kanali naye alihamia nyumba nyingine kabla ya mwaka kwisha. Kwa muda mrefu Binti Mfalme hakuwa na msimamizi wala mwandani. Tulikuwa wanawake watatu na mzee mmoja wa bustani. Alivaa nyeusi mpaka vita vikaisha. Alikufa majira ya kuchipua majani yaliyofuata, kwa kifua, akizungumza na dada yake kwa Kijerumani, nami nikimjibu "ndiyo" pale nilipodhani panafaa.

Nilimwandikia Penhallow. Sikutegemea kwamba atakuja. Cornwall ni mbali. Siku ya mazishi, tulipokuwa tunapangwa nyuma ya jeneza kufuatana na vyeo vyetu, nilimwona amesimama kando, ameshika kofia, nywele zote zimekuwa nyeupe. Bwana mmoja wa itifaki, mgeni kwetu, akamwendea.

"Samahani. Wewe ni nani katika nyumba hii?"

"Nilikuwa mhudumu wake mkuu. Niliacha kazi."

Yule bwana hakujua ampange wapi. Nikamwambia atasimama nami, na akasimama nami.

Baadaye nilimsindikiza mpaka stesheni. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri gari la moshi, akaniuliza kama Mama Maggs yu mzima, akaniambia dada yake ana kuku wengi kuliko akili. Nikakusanya ujasiri, nikamwuliza kama alimsamehe.

"Sijui," akasema. "Kuna siku nasema ndiyo, na siku nyingine nikiamka naona bado kuna kipande. Lakini alinikosea, kisha akalibeba kosa lake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Mimi nimetumikia wakubwa maisha yangu yote, Bi Lomax. Sijamwona mwingine."

Gari la moshi likaingia. Alipanda daraja la tatu, akapata nafasi karibu na dirisha, mwanamke mmoja akamsogezea vifurushi vyake. Nilimpungia mkono, nami nikarudi nyumbani kufunga nguo za marehemu, maana ukoo ulitaka vyumba vile viwe wazi kabla ya Jumatatu.